Mchanga wa Uwanja wa Mama Deolinda

Mwanamke akija kununua kitambaa ana desturi zake. Atakipapasa, atakiweka begani, atajitazama kwenye kioo, kisha ataanza vita vya bei. Huyu aliyesimama mbele ya kibanda cha Silvio, Soko Kuu la Mtwara, Jumamosi watu wamejaa hadi pa kukanyaga hakuna, hakufanya hata moja. Alitoa mfuko wa mchanga kwenye mkoba, akaumimina mchanga kwenye shifoni nyeupe ya harusi, akafungua chupa ya maji, akamwaga.

"Dada! Dada! Hicho kitambaa cha bibi harusi, si chujio la tui!"

"Najua, kaka yangu. Nakijaribu."

"Unajaribu nini? Kama bibi harusi atavuja?"

Wauza dagaa wa jirani wakacheka. Dada mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameinama anatazama maji yanavyochuruzika chini. Alivaa suruali ya jinsi iliyopauka magotini, blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, kilemba cha manjano, na mabuti yenye tope kavu, mabuti ya kiume kabisa. Silvio alimpima kuanzia kilemba hadi mabuti, na bado hakujua amweke fungu gani.

"Maji yanapita, mchanga unabaki," dada akasema, na sasa ndipo akatabasamu. "Nipimie mita nne. Na niliyoilowesha nitailipia."

"Kwanza niambie ni ya nini. Mimi siuzi kitu nisichojua kinakwenda wapi."

"Nina sanduku kubwa la mchanga. Linaingizwa maji kwa chini. Nataka kitambaa cha kutandika, maji yapite, mchanga usitoroke."

"Sanduku la mchanga la kufanyia nini?"

"La kutikisa."

Silvio akawatazama wauza dagaa. Wauza dagaa wakamtazama Silvio.

"Unatikisa mchanga," alisema polepole. "Na unalipwa?"

"Punguza bei, utajua kama nalipwa."

Bei ilipungua. Ilipungua kupita kiasi, na mwenye kibanda akaomba na namba ya simu, eti amjulishe mzigo mwingine wa shifoni ukiingia. Loo, wanaume! Shifoni ilikuwa imejaa hadi chini ya meza.

Jina lake Helena, mtoto wa Nanyamba, mhandisi katika maabara ya udongo iliyoko pembezoni mwa Likombe. Silvio naye ni mtoto wa Mahurunga, kule karibu na mto, wa ukoo uliovuka Ruvuma enzi za babu zake wakitokea Msumbiji. Aliuza vitenge na kapulana, khanga za Msumbiji, kutoka ng'ambo, alivaa mashati ya kitenge yaliyomkaa vizuri, ndevu amezichonga, na alikuwa na maneno. Ah, maneno alikuwa nayo.

"Haya, injinia, nifundishe," alimwambia kwenye simu jioni moja. "Mchanga umekukosea nini hata uutikise?"

"Kuna gati la meli litajengwa mlangoni mwa Ruvuma. Litasimama juu ya nguzo za msingi, zile ndefu zinazogongwa ardhini. Sasa tetemeko likija, mchanga uliolowa unalegea. Unakuwa uji. Nguzo iliyosimama kwenye uji itafanyaje?"

"Italala, masikini."

"Fupi italala. Ndefu, iliyofika kwenye ardhi ngumu huko chini, inaweza kuhimili. Ndefu kiasi gani? Ndicho tunachotafuta. Tunachomeka nguzo ndogo ndogo ndani ya sanduku, tunalowesha mchanga, tunawasha meza inayotikisika."

"Kwa hiyo mpenzi wangu ni injinia wa uji."

"Nani kakwambia mimi mpenzi wako?"

"Hujakata simu."

Hakukata. Na siku zilizofuata hakukata pia. Wakawa watu wa Shangani jioni, watu wa pweza wa kuchoma, watu wa kugombania kijiti cha mwisho cha mshikaki. Mtu mzima Silvio, mwenye kodi ya kibanda na wateja wakali, akawa anacheka peke yake anapokunja vitenge.

Lakini tangu mwanzo palikuwa na kadudu kanakotafuna. Kila baada ya siku chache simu ya Helena ilizimwa. Si kwamba haipokelewi, imezimwa kabisa, asubuhi hadi alasiri. Na siku hizo Helena akirudi ana mchanga kwenye nyusi na uchovu wa mtu aliyebeba siri.

"Ulikuwa wapi, laazizi?"

"Kazini. Sanduku likishalowa, simu marufuku, viatu marufuku, mlango haugongwi. Ukipiga chafya tu mchanga unajipanga upya, kazi ya siku mbili inakwenda na maji. Bosi wetu, Hashimu, hata kukohoa anakoholea nje."

"Hashimu," Silvio akarudia.

"Hashimu, ndiyo. Vipi?"

"Hamna kitu."

Mwanaume akisema hamna kitu, jueni kipo. Ila mapenzi yalikuwa bado mabichi, kikafunikwa, wakaendelea.

Mwezi wa mvua ukaingia, na Silvio akampeleka Helena Mahurunga akamwone mama. Walikwenda kwa gari dogo la kazini, Helena kavaa gauni refu la kitenge alilochaguliwa na Silvio mwenyewe, zambarau na nyeupe, na khanga mpya kama zawadi kwenye mfuko. Mama Deolinda alimpokea kwa mikono miwili. Walikula ming'oko, vile viazi vya porini, na samaki, wakaongea hadi taa ikaanza kufifia. Kabla ya kulala Silvio alinawa miguu pembeni mwa uwanja, akaenda zake kulala kwa mjomba wake Alberto. Mgeni wa kike alilala kwa mama.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo balaa lilipozaliwa. Huku kwetu binti akipelekwa kuonyeshwa kwa mama mkwe, halali hadi jua limpige. Anaamka kabla ya mwenye nyumba, anashika ufagio, anafagia uwanja. Na mama mkwe haamki kumsaidia, hata akiwa macho. Analala kitandani anasikiliza. Ufagio unaokwenda kwa pupa ni mwanamke wa hasira, ufagio unaosimama simama ni mvivu. Mama Deolinda alilala macho wazi anasikiliza ufagio wa Helena, na aliupenda. Ulikwenda taratibu, sawasawa, shaa, shaa, shaa.

Kisha ukanyamaza.

Mama akangoja. Ufagio haukurudi. Akainuka, akachungulia kwenye ufa wa mlango wa jikoni. Binti alikuwa amepiga magoti pembeni mwa uwanja, pale pale Silvio aliponawa miguu jana jioni, anachimba mchanga kwa sepeto na kuutia kwenye kiroba. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Akafunga kiroba, akakibeba hadi kwenye buti la gari, akalifunga bila kulibamiza. Akarudi, akasawazisha shimo kwa mguu, akashika ufagio.

Shaa, shaa, shaa.

Msimfikirie mama vibaya. Mtoto gani wa kusini hajui habari ya kuchukuliwa unyayo? Mchanga uliokanyagwa na mtu ukiingia mikononi mwa mwenye nia mbaya, na mtu mwenyewe ameondoka. Anafungwa, anakuwa hasikii la mama wala la mnadi swala.

Na Helena? Wajinga watasema alikuwa na nia mbaya. Hakuwa nayo. Mchanga wa maabara ulikuwa umekwisha, na mto ulikuwa umefurika, ukameza ukingo wote walikokuwa wanachota. Alfajiri ile, anafagia, akaona mchanga ule ule mwembamba wa mtoni umelala chini ya ufagio wake. Aliwaza kuomba. Lakini yeye ni mtoto wa Nanyamba, analijua suala la unyayo kama anavyoijua sala ya Baba Yetu. Mgeni wa siku moja anamwambiaje mama mkwe "nipe mchanga wa uwanja wako"? Aliogopa kuitwa mchawi, basi akafanya vile vile afanyavyo mchawi. Na Silvio hakumwambia, kwa sababu Silvio angemwambia mama. Hilo tu. Kosa lake lote hilo.

Silvio alikuwa ametangulia mjini kwa basi la alfajiri. Mama Deolinda alimuaga mgeni kwa tabasamu. Gari lilipopotea ndipo alipochukua simu.

"Silvio, uko peke yako?"

"Niko dukani, mama. Sema."

"Sitaki upige kelele. Yule binti amechukua unyayo wako."

"Mama!"

"Nimeona kwa macho yangu haya. Amekutia kwenye kiroba kama muhogo. Hebu nijibu, unalala vizuri siku hizi?"

Usiku uliopita, kwa mjomba, Silvio aliwahesabu jogoo wote wakiwika.

"Unakula ukashiba?"

"Wakati mwingine nasahau, mama."

"Unakosea vipimo dukani?"

Wiki ile ile alikuwa amemkatia mteja mita sita badala ya nne na kumshukuru juu yake.

"Unamuwaza unapoamka?"

"Ndiyo."

"Unapolala?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu," Mama Deolinda akasema kwa sauti ya msiba, "dalili zote unazo."

Jamani, cheka ukitaka kucheka. Mtu kapenda, kaambiwa karogwa, na dalili ni zile zile! Silvio alikaa juu ya robota la vitenge, jasho linamtoka. Aliukumbuka ule mfuko wa mchanga siku ya kwanza sokoni. Alizikumbuka simu zilizozimwa. Sanduku linalofungiwa ndani, viatu vinavuliwa mlangoni, hakuna kukohoa. Ni kazi gani hiyo? Kila kitu kilichokuwa kinamchekesha sasa kilimtisha.

Hakumuuliza. Hilo ndilo mimi simsamehei haraka. Hakumuuliza, ila akaacha kula chakula chake. Maana limbwata hutiwa wapi? Kwenye chakula.

"Karibu mezani, mpenzi. Wali wa nazi, samaki nimemkaanga unavyopenda."

"Nimeshiba, laazizi."

"Kesho nitapika kisamvu."

"Tumbo linasumbua kidogo."

Siku nyingine: "Leo huna sababu. Kaa ule."

"Nimefunga."

"Wewe Mkatoliki umefunga nini mwezi huu?"

Alikuja kila jioni, aliketi kwenye kiti kile kile, alimtazama Helena kwa macho ya njaa, na maji ya kunywa alikuja nayo kwenye chupa. Chupa yenyewe haikutoka mkononi.

Helena si mjinga. Alimpelekea kesi shoga yake Mwanaidi, fundi mwenzake maabara, wakiwa wameinama wanachekecha mchanga.

"Hali, hanywi. Nikimkaribia anashtuka. Lakini kila siku anakuja."

Mwanaidi akaweka chekecheo chini. "Mwanaume asiyekula kwako anakula kwa mwenzio. Anakuja kwako kukuzuga tu. Nenda sokoni mchana, usimwage habari."

Akaenda. Alijificha nyuma ya mafungu ya nazi, mhandisi mzima na shahada yake, anachungulia. Saa ya chakula ikafika. Akatokea mwanamke mweupe mwenye umbo, khanga kiunoni, hereni kubwa, hotpoti mkononi. Silvio akaipokea kwa mikono miwili, akaketi, akala. Alikula kama mtu aliyetoka jela. Akalamba kidole.

Yule alikuwa Irene, mama lishe wa soko zima, na ndani ya hotpoti kulikuwa na ugali na maharage. Lakini nani wa kumwambia Helena? Alirudi Likombe machozi yamekaukia mashavuni.

Jioni ile alipika pilau. Alivaa dera jipya la bluu, akajifukiza udi, akapaka wanja. Alitaka Silvio aone vizuri anachokikataa. Silvio aliingia, akanusa, akaketi na chupa yake.

"Kula," Helena akasema.

"Mpenzi, leo..."

"Nimekuona na mwanamke wa hotpoti. Kumbe tumbo linalouma ni la kwangu tu, la kwake halina neno! Anaitwa nani?"

"Irene? Irene anauza chakula! Anauzia soko zima!"

"Na mimi nauza nini hata ukimbie chungu changu? Sema leo, Silvio. Nina kasoro gani?"

Silvio alisimama. Alikuwa amelibeba neno lile siku nyingi mno, likamtoka bila kupangwa.

"Mchanga wa uwanja wa mama ulichukua wa nini?"

Kwenye uso wa Helena damu ilishuka, na Silvio akaiona ikishuka, na akaielewa vibaya.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema.

"Ni kweli nilichukua."

"Pale niliponawa miguu."

"Hata sikujua kama ulinawa miguu pale." Sauti ya Helena ikaanza kutetemeka. "Subiri. Ndiyo maana huli? Unadhani nakuwekea... Silvio! Umeniita mchawi."

"Sijatamka neno hilo."

"Jioni zote hizi umekaa kwenye kiti changu na chupa yako ya maji! Ungetamka vipi zaidi?"

"Basi nieleze!"

"Ulikuwa na mdomo. Ungeuliza siku ya kwanza, ningekueleza hadi uchoke. Leo umekuja na hukumu. Toka, Silvio. Nenda kwa Irene, kale usalama wako."

Alitoka. Pilau ikabaki na moshi wake. Helena alilia pale pale mezani, hakula hata punje.

Kule Mahurunga mambo hayakulala. Katika ukoo ule neno la ndoa ni la mjomba, na Mama Deolinda alishamfikishia kaka yake. Mzee Alberto, mtu mfupi mwenye koti la kijivu asilolivua hata jua likiwaka, alifika sokoni na dada yake, akasimama mbele ya vitenge.

"Sikuja kunywa soda. Tupeleke kwa huyo binti. Mchanga wetu urudi, wote, halafu ndiyo tuzungumze kama kuna cha kuzungumza."

Silvio alimpigia Helena simu. Helena alipokea, sauti baridi.

"Waje. Nilikuwa nataka kuzima simu, leo tunatikisa. Waambie wavue viatu mlangoni."

Wakavua. Hata Mzee Alberto alivua, ila koti halikutoka. Ndani mlikuwa na meza ya chuma chini yake mota, na juu yake sanduku kubwa lenye ubavu wa kioo. Ndani ya sanduku mchanga uliolowa, na kwenye mchanga vimesimama vinguzo vya chuma, kila kimoja kimebeba kipande cha madini ya risasi kichwani. Nyaya nyembamba zilitoka kila mahali. Mama Deolinda aliziona nyaya akashika rozari yake. Hashimu, mzee mnene wa miwani, aliwasalimu kwa kunong'ona, akarudi kwenye mitambo yake.

Helena alikuwa peku, koti jeupe, kilemba cha manjano. Alipiga magoti.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba."

"Marahaba," wakaitika, ya mjomba kwa shida.

"Mchanga mnaoudai ndio huu. Nimeuchanganya na mwingine kidogo uliokuwa umebaki, siwezi tena kuutenga. Tazameni nilichoufanyia, kisha mniite mnavyotaka."

Hashimu akabonyeza. Meza ikaanza kwenda huku na huku, haraka, sakafu ikaunguruma. Mwanzoni mchanga ulitulia tu. Halafu, mbele ya macho yao, juu yake pakang'aa maji. Vijichemchemi vikafumuka, vikitapika mchanga. Kilichokuwa kigumu kikawa laini, kikacheza kwenye kioo kama uji wa muhogo ulioondolewa jikoni sasa hivi. Vinguzo vifupi vikayumba, vikainama, kimoja kikazama na risasi yake kichwani. Virefu, vilivyoshika kokoto ngumu za chini, vilitetemeka vyote, vikapinda kidogo, vikabaki vimesimama.

Mota ikanyamaza. Silvio, ambaye kwa miezi alikuwa amecheka habari ya uji bila kuuona, alisogea hadi pua ikakaribia kioo. Hiki ndicho simu ilichokuwa inazimiwa. Ndiyo siri yote.

"Huu ni mchanga wa kwangu?" Mama Deolinda akauliza. "Huu huu ninaolala juu yake?"

"Ndiyo, mama."

"Basi afadhali ungekuwa uchawi. Uchawi una mganga wake. Hili mganga wake nani?"

Hashimu akakohoa kicheko. Helena mwenyewe midomo ilimcheza.

"Nguzo ndefu, mama. Nyumba yako ya miti na udongo ni nyepesi, na matetemeko makubwa hapa kwetu si ya kila siku. Tunaloliogopea ni gati, lile zito, na watu watakaokuwa juu yake. Bila mchanga wako tungekisia tu."

Mama alisogea kwenye kioo, akakitazama kile kinguzo kilichozama. Kisha akageuka, na macho yake hayakuwa ya mzaha.

"Kwa nini hukuniomba?"

Lilikuwa swali la haki, na Helena hakulikwepa. "Niliogopa utasema nachukua unyayo."

"Ningesema, ndiyo! Tungegombana asubuhi ile ile, ungenieleza, nisingeelewa, tungekunywa chai, ungechota. Sasa umenifanya nikuangalie kwenye ufa wa mlango wangu mwenyewe kama mwizi. Mimi na wewe nani alikuwa mwizi?"

"Mimi, mama. Nisamehe. Nilikosa kwako, si kwa mwingine."

Mama Deolinda alimwinua kwa viwiko. "Mchanga nimekusamehe. Ufagio wako niliupenda, sikukwambia."

Mzee Alberto akajiweka koti sawa, mtu aliyekuja na vita na kuikosa. "Mimi kwa upande wangu nimeridhika. Silvio, nilikuelekeza kwa yule mganga wa kule bondeni. Ulikwenda?"

"Sikwenda, mjomba."

"Basi vizuri, umeokoa nauli. Posa iandaliwe."

Wakaanza kutabasamu, hata Mwanaidi kule kwenye kona akajishika mdomo atoe kigelegele. Helena ndiye hakutabasamu.

"Mjomba, kwa heshima yako. Hamjaniuliza mimi."

Tabasamu zikakatika.

"Mama aliona kwa macho yake akashuku, ana haki. Wewe mjomba ulitetea ukoo wako, ndiyo kazi yako. Huyu hakuona kitu. Alisikia kwa simu, akaninyima swali moja tu. Nitakaaje nyumba moja na mtu ambaye siku nyingine atasikia jingine?"

Akatoka nje, peku.

Silvio alimkuta amesimama kando ya lundo la kokoto, jua kali, anajipepea kwa kilemba alichokivua. Nywele zake fupi zilikuwa na mchanga. Silvio hakumgusa. Hakuleta maneno matamu, na mimi nilimwona ana akili kwa mara ya kwanza.

"Nilikosa," alisema. "Sina la kupamba."

"Uliza sasa. Kila unachonishuku kilichobaki tumboni, kitoe hapa. Sitaki kingine kioze."

Silvio akaanza na la zamani. "Hashimu ni nani kwako?"

"Hashimu? Mzee mwenye wajukuu na kikohozi? Bosi wangu. Kingine."

"Siku ya kwanza ulitabasamu. Kwa ajili yangu au kwa ajili ya kitambaa?"

"Kitambaa. Kingine."

"Sina kingine."

"Basi zamu yangu. Mwanamke wa hotpoti."

"Nina deni lake la maharage, basi. Twende ukamuulize mwenyewe, mbele ya wauza dagaa."

"Nitakwenda." Na kwa uso aliokuwa nao, angekwenda kweli. "Mama yako alipokupigia. Uliamini?"

Kudanganya kulikuwa rahisi, na Helena alikuwa anamtazama machoni aone kama atadanganya.

"Niliamini."

"Kwamba nimekuroga."

"Niliamini kabisa, Helena. Nilikuwa na dalili zote."

"Na kesho yake ukaja kwangu."

"Nikaja."

"Na siku iliyofuata. Unaogopa hata maji yangu, na bado unakuja unaketi. Mjomba wako kakuonyesha mganga, hukwenda. Mtu anayejua amerogwa hukimbilia dawa. Wewe kwa nini hukwenda?"

Silvio aliangalia kokoto. Sauti ilimtoka ndogo.

"Niliogopa ataniponya."

Helena alimgeuzia mgongo, mabega yakamcheza, na Silvio hakujua kama ni kicheko au kilio, wala hakuthubutu kuzunguka aone. Mlangoni mwa maabara watu wanne walikuwa wamebanana wanachungulia, Mama Deolinda mbele yao.

"Mpumbavu wewe," Helena akasema bila kugeuka. Akajifuta macho kwa kilemba, mchanga ukamwingia, akazidi kulia. "Mpumbavu mkubwa. Mwambie mjomba wako aje kwetu Nanyamba. Na ajue kabisa, kule kwetu ataulizwa maswali hadi lile koti livuliwe."